Zimwi Lisilomjua Mtoto: Hofu ya Shule katika Fasihi, kwa Kuzingatia Mazingira ya Malinya

Mtoto anayelia langoni mwa shule ni mhusika anayejulikana na kila mzazi na kila mwalimu. Katika uhakiki wa fasihi, hata hivyo, mhusika huyu hutajwa kwa nadra, na anapotajwa huachiwa wataalamu wa malezi na wa saikolojia, kana kwamba machozi yake hayana uhusiano wowote na hadithi anazosimuliwa. Mtazamo huo una kasoro. Mtoto wa miaka minne au mitano hana njia nyingi za kuielewa hofu yake. Njia iliyo karibu naye zaidi ni hadithi. Kwa hiyo swali la jinsi ya kumsaidia mtoto mdogo aishinde hofu ya shule ni, kwa kiasi kikubwa, swali la usimulizi: nani anasimulia, kwa lugha gani, na ni nani katika hadithi hiyo anayepewa kazi ya kuiondoa hofu.

Makala haya yanashikilia kwamba vitabu vingi vya watoto vinavyogusa siku ya kwanza ya shule vimemweka mwokozi mahali pasipofaa. Vimemweka mama, au mwalimu mwenye tabasamu. Ilhali kazi bora za fasihi ya Kiafrika zinazosimulia utoto, pamoja na ngano za Waluhya zenyewe, zinaonyesha kwamba anayemvusha mtoto hofu ni mtoto mwenzake aliyemtangulia njiani. Tofauti hii si ndogo, kwa maana inabadilisha msuko wa hadithi, lugha yake na hata maana ya neno shule.

Mjadala utaanzia Malinya, katika eneo la Waidakho huko Ikolomani, wilaya ya zamani ya Kakamega ambayo leo ni kaunti. Wengi nje ya Magharibi mwa Kenya huijua sehemu hiyo kwa mapigano ya mafahali na kwa ngoma ya isukuti. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika unaohitaji kulindwa kwa haraka. Maelezo yaliyoambatana na uamuzi huo yanataja shughuli ambamo ngoma hiyo huchezwa: kuzaliwa kwa mtoto, jando, arusi, mazishi, kumbukumbu za marehemu, sherehe za dini, michezo na mikusanyiko mingine ya umma. Ukiitazama orodha hiyo kwa jicho la mhakiki, jambo moja linajitokeza. Karibu kila mlango ambao mtu hupita maishani, tangu kuzaliwa hadi kaburini, una ngoma yake, isipokuwa mlango wa darasa, ambao haukutajwa. Mtoto wa Kiidakho hupokewa duniani kwa ngoma na huingizwa utu uzimani kwa ngoma, lakini shuleni, ambako atakaa miaka mingi kuliko aliyokaa jandoni, huingia kimyakimya, na mara nyingi kwa kuburutwa.

Ukimya huo una historia. Wakweka wa Kimarekani walifungua misheni yao Kaimosi mwaka 1902, na mapadri wa Mill Hill walifika Mukumu mwaka 1906. Shule ilikuja eneo hilo pamoja na kanisa, na kwa muda mrefu ilijiona kuwa mahali pa kuacha nyuma mambo ya nyumbani, ngoma zikiwamo. Si ajabu basi kwamba jamii haikuitungia siku ya kwanza ya shule wimbo wala mviga. Katika pwani ya Waswahili hali haikuwa hivyo kwa chuo cha Kurani. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Wasuaheli iliyochapishwa mwaka 1903, anaielezea elimu ya chuoni katika mfululizo uleule wa desturi za uzazi, jando na arusi. Chuo kiliogopwa, tena sana, kwani bakora ya mwalimu haikuwa siri. Lakini kiliogopwa kama kitu cha ndani, kitu ambacho baba, babu na kaka walikwisha kukipitia na kukizungumza. Hofu ya jambo linalozungumzwa na hofu ya jambo lisilo na masimulizi ni hofu mbili tofauti.

Kiswahili kina methali inayoifafanua tofauti hiyo vizuri kuliko nadharia nyingi: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwa kawaida methali hii hufasiriwa kuwa ni nasaha ya kuvumilia ubaya wa watu wa karibu. Ikisomwa kwa makini zaidi, inasema jambo kuhusu hofu yenyewe. Kinachotisha zaidi katika zimwi, kuliko hata meno yake, ni kwamba halimjui linayemla. Shule, kwa mtoto anayefika mara ya kwanza, ni zimwi lisilomjua. Mfano mdogo unatosha. Miongoni mwa Waluhya mtoto hupewa jina la mhenga, na kwa jina hilo huitwa jikoni na shambani. Asubuhi ya kwanza darasani mwalimu hufungua daftari la mahudhurio na kusoma jina la ubatizo ambalo mtoto hulisikia, pengine, Jumapili tu. Si nadra mtoto akakaa kimya, na kimya chake kikahesabiwa kuwa ukaidi au uzito wa akili.

Hadithi nyingi zinazoandikwa kwa ajili ya darasa la chini hazimtayarishi mtoto kwa lolote kati ya haya. Msuko wake ni mmoja, na kila aliyesoma shule ya msingi nchini Kenya anaujua. Mtoto anaamka mapema. Ananawa uso, anavaa sare, anakunywa uji. Mama anamshika mkono hadi shuleni. Mtoto anaogopa kidogo, sentensi moja tu. Mwalimu anatabasamu na kumwambia asiogope. Mtoto anapata marafiki, anacheza, anarudi nyumbani akiwa na furaha, na kesho yake anataka kwenda tena. Kwa upande wa msamiati hadithi ya aina hii ina manufaa yake, kwani hufundisha kitanda, sare, uji na mkono. Kwa upande wa fasihi ni hadithi isiyo na mgogoro. Hofu inatajwa ili ifutwe, na inafutwa kwa amri. Kauli ya "usiogope" haijawahi kumwondolea mtu hofu. Inachofanya ni kumfundisha mtoto kwamba hofu yake ni kosa, na kwamba watoto wema wa vitabuni hawana hofu hiyo kwa zaidi ya sentensi moja.

Kielelezo hiki hakikuzaliwa Afrika Mashariki. Vitabu vya picha vya Ulaya na Marekani vina utanzu mzima wa siku ya kwanza ya shule, na kitovu cha utanzu huo ni kutengana kwa mama na mtoto. Mfano unaojulikana sana ni The Kissing Hand cha Audrey Penn, kilichotolewa Marekani mwaka 1993, ambamo mama mnyama humbusu mwanawe kiganjani ili mtoto aende na busu hilo shuleni. Ni kitabu kizuri katika mazingira yake, kwa sababu kinachukulia kuwa mtoto ameishi miaka yake yote ya mwanzo akiwa na mtu mzima mmoja, na kwamba mtu huyo ndiye anayeachwa langoni.

Nyumba ya Malinya haikujengwa hivyo. Thomas Weisner, aliyefanya utafiti miongoni mwa Waluhya, na mwenzake Ronald Gallimore walichapisha mwaka 1977 makala mashuhuri kuhusu watoto wanaolelewa na ndugu zao. Walionyesha kwamba katika jamii nyingi za dunia, Waluhya wakiwamo, sehemu kubwa ya malezi ya mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa hufanywa na kaka na dada. Mama yuko, na mamlaka ni yake. Lakini mgongo unaombeba mtoto mchana, mkono unaompa kiazi, na sauti inayomnyamazisha aliapo ni vya mtoto wa miaka minane au tisa. Hata nadharia ya mapenzi ya mtoto kwa mama, ambayo vitabu vya Magharibi huitegemea, ina mizizi yake katika Afrika Mashariki. Mary Ainsworth aliikuza baada ya kuwatazama akina mama wa Kiganda na watoto wao mwaka 1954 na 1955, na kitabu chake Infancy in Uganda kilitoka mwaka 1967. Wazo lake kuu ni kwamba mtoto huthubutu kuuchunguza ulimwengu akiwa na kituo anachoweza kukirudia. Wazo hilo halina ubaya. Kinachopaswa kuulizwa ni nani aliye kituo hicho kwa mtoto fulani, mahali fulani. Mwandishi anayejibu "mama" bila kufikiri anaweza kuwa anaandika juu ya nyumba isiyo ya msomaji wake.

Hapa riwaya zinatoa ushahidi ambao vitabu vya kiada vimeupuuza. Katika Weep Not, Child ya Ngugi wa Thiong'o (1964), Njoroge anatamani shule kabla ya kuiogopa. Mama yake, Nyokabi, anampa shule kama zawadi, na zawadi hiyo ina sharti: mtoto asije akamwaibisha mama kwa kuikataa siku moja. Wahakiki wengi wamelisoma tukio hili kama mwanzo wa dhamira ya elimu na matumaini ya ukombozi. Usomaji huo ni sahihi, lakini unapita haraka mno juu ya mzigo uliowekwa mabegani mwa mtoto. Baada ya ahadi ile Njoroge hana tena ruhusa ya kuogopa. Mapenzi ya mama yamekwisha kuifunga njia ambayo hofu ingepitia ili isemwe. Ngugi alilirudia jambo linalofanana na hili katika tawasifu yake ya mwaka 2010, Dreams in a Time of War, ambamo mapatano na mama kuhusu shule yanakuwa mhimili wa maisha yote ya mwandishi. Mama wa Ngugi ni chemchemi ya ujasiri, na papo hapo ni mtu ambaye mwana hawezi kumwendea akiwa ameshindwa.

Ni nani basi anayemvusha Njoroge? Ni Mwihaki, binti wa Jacobo. Yeye ndiye anayeandamana naye siku ya kwanza. Wanafunzi wakubwa wanamzunguka mgeni, wanamwita Njuka, na mmoja anataka kumfanya mtumishi wake. Njoroge hajui neno hilo lina maana gani, na anakubali tu. Mwihaki anaingilia kwa kutangaza kwamba Njuka huyo ni wake na hapana atakayemgusa. Kauli hiyo inastahili kuzingatiwa. Mwihaki hamwambii Njoroge asiogope, wala hakanushi kwamba yeye ni Njuka. Anachofanya ni kulichukua neno lililotumiwa kumtisha na kulifanya jina la uhusiano: huyu ni mgeni, lakini ni mgeni wangu. Kwa hatua hiyo moja shule imepata mtu anayemjua Njoroge. Darasani kwa mwalimu Isaka, sauti na alama zinaendelea kuwa kitendawili, na Njoroge anaitikia pamoja na wengine asivyovielewa. Lakini hofu imekwisha kupata mpaka. Zaidi ya hayo, tendo la Mwihaki linavuka uhasama wa mali na ardhi uliopo kati ya nyumba mbili, jambo ambalo watu wazima wa riwaya hiyo wanashindwa kulifanya hadi mwisho.

Katika Aké (1981) Wole Soyinka anaonekana kusimulia kinyume cha hofu. Mtoto ambaye hajatimiza hata miaka mitatu anachukua vitabu vya baba yake na kwenda shule kwa hiari yake. Wasomaji hulicheka tukio hilo kama dalili ya kipaji cha mapema. Yafaa kuangalia amefuata nini. Amemfuata dada yake Tinu, na shule yenyewe iko hatua chache kutoka nyumbani, na baba ndiye mwalimu mkuu. Tena mwalimu anamwambia anaweza kuja siku anapojisikia. Ruhusa ya kutokuja ndiyo inayomfanya mtoto aahidi kuja kila siku. Malinya ya leo haiwezi kuifanya ruhusa hiyo kuwa sheria, na wala sera ya elimu ya lazima hairuhusu. Lakini mwandishi wa hadithi anaweza kumpa mhusika wake ruhusa ya namna hiyo, na akamwacha asite langoni kurasa mbili nzima.

Camara Laye anazuia hitimisho la haraka. Katika L'Enfant noir (1953) watoto wakubwa wa shule ya Kouroussa si akina Mwihaki hata kidogo. Wanawafagilisha wadogo uwanja, wanawapiga, wanawanyang'anya chakula, na hali inaendelea hivyo mpaka baba wanapoamua kuingilia kati. Aliyetangulia njiani anaweza kuwa mkono wa kushikwa na anaweza kuwa fimbo. Kitabu hicho hicho, hata hivyo, kina sura nyingine ambayo ingefaa isomwe bega kwa bega na ile ya shule: usiku wa Konden Diara, ambapo wavulana ambao bado hawajatahiriwa hupelekwa porini kusikia ngurumo za simba. Hofu ya usiku ule ni kubwa kuliko ya darasani. Lakini imepangwa. Ina mwanzo na mwisho, wavulana wanaipata wakiwa pamoja, baba amekiri kwamba naye aliipitia, na baadaye siri ya ngurumo inafichuliwa. Jamii iliyojua kuitunga hofu ya porini kwa ustadi kiasi hicho iliiacha hofu ya shule ijitunge yenyewe, nayo ikajitunga kama uonevu. Jamii za Waluhya, zenye jando lao, zinaweza kujiona katika kioo hicho.

Fasihi simulizi ya Waluhya haikukosa nyenzo. Ngano za linani, zimwi lao, zina msuko ambao tofauti zake zinapatikana kote Afrika Mashariki. Watoto wanatoka nyumbani kwenda mbali, kutafuta kuni au matunda. Mdogo wao anataka kuwafuata. Wanamfukuza, wanamtishia, wanamrudisha, naye anawafuata tu. Usiku unawakuta kwenye nyumba ya zimwi. Wakubwa wanalala. Yule mdogo aliyefukuzwa ndiye asiyelala, na kila zimwi linapoinuka kutaka kula, mtoto anasema neno, anaomba maji, anaimba, mpaka kunakucha. Mtambaji anaimba wimbo wa mtoto, hadhira inaitikia, na hadhira hiyo ni watoto walioketi wakigusana mabega gizani, yule mdogo kabisa akiwa mapajani mwa dada yake.

Msuko huu una mambo matatu ambayo hadithi ya sare na uji haina. Zimwi halikanushwi: lipo, lina meno, na lina njaa. Hofu ina sauti, tena sauti ya wimbo unaorudiwarudiwa, kiasi kwamba mtoto anayesikiliza huipaza hofu yake bila kuona haya. Na aliye mdogo kuliko wote ndiye anayekesha, yaani hofu yenyewe imegeuzwa kuwa chombo cha wokovu, kwa sababu asingeogopa angelala kama wengine. Bruno Bettelheim, katika The Uses of Enchantment (1976), alitetea kwamba ngano za kutisha humsaidia mtoto kuipanga hofu yake na kuishinda. Jina la Bettelheim lilipata doa baadaye. Mwaka 1991 Alan Dundes alimshutumu kwa kuchukua mawazo ya wengine bila kuwataja. Hata hivyo wazo lenyewe halikuanguka pamoja na sifa za mtu, na bibi wa Malinya aliyekuwa akitamba ngano za linani kando ya moto hakulihitaji ili afanye kazi yake.

Ikumbukwe kwamba njia ya kwenda shule katika kijiji cha aina hii ndiyo njia ya ngano. Watoto wanatoka pamoja alfajiri, wakubwa mbele, wadogo nyuma, mmoja akilia asiachwe. Mtunzi anayeanza hadithi yake langoni, mahali ambapo mama anaachia mkono, ameipoteza nusu ya mali aliyokuwa nayo. Njia ndiyo iliyojaa lugha ya nyumbani, majina ya nyumbani, mbwa wa kuogopwa, kijito cha kuvukwa na kaka anayejua jiwe lipi halitelezi.

Lugha ndiyo kiini cha tatizo, na hapa shule imekuwa ikilivunja daraja ambalo lingeweza kuisaidia. Tume ya Ominde mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ikapendekeza lugha ya eneo katika madarasa matatu ya mwanzo, na mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 umeziweka lugha asilia katika madarasa hayo. Kwenye karatasi mtoto wa Kiidakho anatetewa. Darasani mambo hutegemea mwalimu aliyepo na kitabu kilichopo. Kiluhya ni familia ya lahaja nyingi, na juhudi za kamati ya lugha ya miaka ya 1940 za kuunda Kiluhya kimoja cha kuandikwa hazikukubaliwa na wote; kitabu kilichoandikwa kwa lahaja ya jirani kinaweza kuwa kigeni kwa mtoto karibu sawa na cha Kiswahili. Kiswahili chenyewe, ambacho wasomi hupenda kukiita lugha ya nyumbani kwa Waafrika wote wa eneo hili, si lugha ya mapajani huko Malinya. Ni lugha ya sokoni, ya redio na ya kanisani. Mwandishi wa Kiswahili anayemwandikia mtoto huyu lazima akubali kwamba naye ni mgeni, japo mgeni wa karibu.

Juu ya hayo kuna kile kidude cha aibu ambacho vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Kenya vilikivaa shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama. Ngugi alikieleza katika Decolonising the Mind (1986), na maelezo yake yamenukuliwa mno katika mijadala ya ukoloni na lugha. Upande mmoja wa maelezo hayo haujatiliwa mkazo wa kutosha. Kidude hicho hakikutoka kwa mwalimu kwenda kwa mtoto moja kwa moja. Kilipitishwa na mtoto kwa mtoto. Aliyekivaa alilazimika kumvizia mwenzake mpaka amsikie akiteleza, kisha akimvishe. Kwa hiyo adhabu hiyo ilifanya zaidi ya kuikandamiza lugha. Iliuharibu uhusiano uleule ambao ngano na riwaya zinauonyesha kuwa dawa ya hofu. Mwihaki akiwa na kidude shingoni hawezi kusema huyu ni Njuka wangu. Atamngoja Njoroge aseme neno la nyumbani. Viboko vilipigwa marufuku na serikali ya Kenya mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010 ikamhakikishia mtoto ulinzi dhidi ya ukatili. Mazoea ya kuwafanya watoto wapelelezi wa wenzao ni magumu zaidi kuyaondoa kwa sheria, kwa kuwa hayaachi alama mwilini.

Kuna pingamizi linalopaswa kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba fasihi ya watoto haina budi kuipamba shule, kwa sababu mtoto anayesikia kwamba shule inatisha atakataa kwenda, na mzazi maskini hana nafasi ya kubembeleza. Tangu elimu ya msingi ya bure irejeshwe mwaka 2003 mtoto amefunguliwa mlango ambao wazazi wake huenda walifungiwa kwa kukosa karo. Je, ni wakati wa kumsimulia mazimwi? Pingamizi hili lina uzito wa kimaisha, na si la kupuuzwa na mtu aliyesoma akashiba. Lakini linadhani kwamba mtoto hana habari za hofu hadi kitabu kimpe. Tarehe 3 Februari 2020, katika mji wa Kakamega, ambao hauko mbali na Malinya, watoto wasiopungua 13 walikufa katika mkanyagano wa ngazi walipokuwa wakitoka madarasani jioni katika Shule ya Msingi ya Kakamega. Kila mtoto wa eneo hilo aliyekuwa na masikio alisikia. Kitabu ambacho kingemwambia mtoto huyo, wiki ile au mwaka ule, kwamba shule ni nyumba ya furaha tupu, kingempa sababu ya kutokiamini kitabu hicho na kingine chochote. Hofu yake haikuwa ndoto ya kubembelezwa. Ilikuwa na ngazi, na ngazi zilikuwa na idadi.

Hapo ndipo tofauti kati ya faraja na fasihi inapoonekana. Faraja ingetaka kumhakikishia mtoto kwamba jambo lile halitatokea tena, hakikisho ambalo hapana mtu mzima mwaminifu anayeweza kulitoa. Fasihi ingeweza kumwonyesha watoto wawili wanaoteremka ngazi, mmoja akimngoja mwenzake, wakihesabu. Hesabu hiyo yaweza kuwa wimbo, na wimbo huo waweza kuwa katika Lwidakho hata kama hadithi nzima imeandikwa kwa Kiswahili. Watunzi wa Kiswahili wa Kenya huingiza maneno ya lugha nyingine katika riwaya za watu wazima bila kuomba radhi. Ni ajabu kwamba katika vitabu vya watoto, ambako neno moja la nyumbani lina thamani ya mkono mzima, usafi wa lugha unalindwa kwa ukali.

Wachapishaji watasema kwamba kitabu chenye wimbo wa Kiidakho hakitauzwa Makueni. Hoja hiyo ni ya soko, na majibu yake pia ni ya soko: nafasi ya wimbo yaweza kuachwa wazi, na mwongozo wa mwalimu ukaeleza kwamba hapo watoto waimbe wa kwao, kama ambavyo mtambaji wa ngano alivyofanya sikuzote alipofika kijiji kisicho chake. Hilo lingemtaka mwalimu awaulize wanafunzi wake wanaimba nini nyumbani. Mwalimu wa Malinya aliyezaliwa Malinya anajua tayari. Aliyehamishiwa huko kutoka mbali itabidi aulize, na watoto wakubwa wa darasa la tatu au la nne ndio watakaomfundisha, wadogo wakisikiliza.